Jujuy: jimbo la Argentina ambalo wakaaji wake walichoma mashamba yao ili kuokoa inchi

Kaskazini kabisa ya inchi ya Argentina, pale inapopakana na Bolivia na Chile, kuko jimbo linaloitwa Jujuy. Linaandikwa hivyo, lakini wenyewe wanalitamka "Huhui". Watu wengi wa mbali wanalijua kwa picha za milima ya rangi nyingi. Siku hizi wanalitaja pia juu ya lithiamu, madini yanayoingia katika batri za simu na za magari ya umeme.

Lakini ukiwauliza wakaaji wa Jujuy historia yao, wengi wataanza na tarehe 23 mwezi wa nane mwaka wa 1812. Siku ile babu zao waliacha nyumba, wakachoma mashamba, wakaswaga ng'ombe mbele yao na kuondoka, ili jeshi la adui lisikute hata gunia moja la mahindi. Inchi ilipona. Swali lililobaki, na ambalo linarudi katika kila karne ya historia yao, ni hili: watu wanaoombwa kutoa kila kitu kwa faida ya inchi, wao wenyewe wanabaki na nini?

Iko wapi, na inafanana namna gani

Argentina ina majimbo 23, pamoja na mji mkuu Buenos Aires unaojisimamia wenyewe. Jujuy ni moja ya yale madogo: kilometa za mraba 53,219, yaani pungufu kidogo kuliko Kivu ya Kaskazini. Wakaaji wake ni karibu 800,000. Mji mkuu wa jimbo ni San Salvador de Jujuy. Kutoka hapo mpaka Buenos Aires kwa barabara ni karibu kilometa 1,500.

Jimbo lina sura nne. Kusini kuko mabonde yenye mji mkuu na mashamba ya tumbako. Mashariki kuko Yungas, msitu wa milimani wenye mvua na joto, na chini yake mashamba makubwa ya miwa. Katikati kuko Quebrada de Humahuaca, bonde jembamba lenye urefu wa karibu kilometa 155, ambamo mto Río Grande unapita. Magharibi na kaskazini kuko Puna, uwanda wa juu wenye baridi na upepo, ambao sehemu kubwa yake inapita meta 3,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa kulinganisha, ncha ya volkano Nyiragongo iko kwenye meta karibu 3,470. Basi kule Puna watu wanaishi, wanachunga lama na kondoo, na kupeleka watoto masomoni kwenye urefu ambao huku ni wa kupanda mlima tu.

Wakaaji wengi wa Puna na Quebrada ni wazao wa wenyeji wa kale wa milima ya Andes. Wengi wanajiita Wakolla. Dini yao ya kikatoliki inaishi pamoja na heshima ya Pachamama, yaani Mama Ardhi. Tarehe 1 mwezi wa nane kila mwaka, jamaa zinachimba shimo, zinatia ndani chakula, majani ya koka na pombe ya mahindi, na kuiomba ardhi ruhusa na baraka kwa mwaka mzima. Hii inasaidia kuelewa mambo mengi yanayofuata.

Mbele ya Wahispania

Bonde la Quebrada ni njia. Kwa miaka karibu 10,000 watu wamepita humo, kutoka uwanda wa juu kwenda nchi za chini, na kurudi. Wachungaji walibeba chumvi na sufu, wakabadilisha na mahindi na vitu vingine vya mabonde. Juu ya historia hiyo ndefu, shirika la UNESCO liliandika Quebrada de Humahuaca katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2003.

Alama kubwa ya wakati ule ni Pucará de Tilcara. Pucará ni neno la Kiquechua, maana yake ngome. Ni kijiji cha mawe kilichojengwa juu ya kilima, karibu na mji mdogo wa Tilcara, mahali ambapo mtu anaona bonde pande zote mbili. Kuko mabaki ya nyumba, mazizi ya wanyama, makaburi na mahali pa ibada. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Buenos Aires, Juan Bautista Ambrosetti na mwanafunzi wake Salvador Debenedetti, walianza kukichimbua mwaka wa 1908. Sehemu ya kuta imejengwa upya ili wageni waone namna kilivyokuwa.

Katika karne ya 15, Wainka kutoka Cuzco, katika Peru ya leo, walifika na kuliweka bonde chini ya utawala wao. Barabara yao kuu, Qhapaq Ñan, ilipita humo. Mwaka wa 2014 barabara hiyo nayo iliandikwa katika urithi wa dunia, kwa ombi la inchi sita pamoja: Argentina, Bolivia, Chile, Ekwado, Kolombia na Peru.

Mji ulioanzishwa mara tatu

Wahispania walipofika karne ya 16, walitaka kuweka mji penye mlango wa bonde. Walijaribu mwaka wa 1561, wenyeji wakauharibu. Wakajaribu tena mwaka wa 1575, ukaharibiwa tena. Mara ya tatu ilikuwa tarehe 19 mwezi wa nne mwaka wa 1593, chini ya Francisco de Argañarás y Murguía. Mji huo ndio ulidumu, na ndio San Salvador de Jujuy ya leo.

Mkubwa wa wenyeji aliyekumbukwa zaidi katika vita hivyo ni Viltipoco, kiongozi wa kabila la Omaguaca, ambaye aliunganisha makabila mengi ili kufukuza Wahispania. Argañarás alimkamata kwa kumvamia ghafla, na upinzani mkubwa ukavunjika. Lakini Wahispania walihitaji majaribio matatu na zaidi ya miaka 30 ili kukaa pale.

Juu ya nini walishikilia namna hiyo? Jibu liko kaskazini zaidi, katika Bolivia ya leo: mlima wa Potosí, uliokuwa na madini ya fedha mengi kuliko mahali pengine popote palipojulikana wakati ule. Migodi ile ilihitaji wanyama wa kubeba mizigo, chakula, nguo na ngozi. Nyumbu, wale wanyama wanaozaliwa na punda dume na farasi jike, walifugwa katika nchi tambarare za kusini, wakauzwa Salta, kisha wakapitishwa Jujuy kwa maelfu kupanda kwenda Potosí na Peru. Madini yalishuka, mizigo ikapanda. Jujuy ikawa barabara ya mali ya wengine.

Makanisa madogo ya wakati ule yangali yamesimama, na ndiyo wageni wanayotembelea leo. Purmamarca kuko kanisa la Santa Rosa de Lima, lenye mwaka wa 1648 juu ya mlango wake, chini ya ule Mlima wa Rangi Saba. Uquía kuko kanisa la mwaka wa 1691 lenye picha za malaika waliovaa nguo za mabwana wa karne ile, wakiwa na bunduki mabegani. Picha hizo ni za mtindo wa wachoraji wa Cuzco. Kule Yavi, karibu na mpaka wa Bolivia, madirisha ya kanisa si ya kioo. Ni ya jiwe jembamba linalopitisha mwangaza wa rangi ya asali. Karibu nalo kuko nyumba ya markizi wa Tojo, mtawala ambaye ardhi yake ilienea pande zote mbili za mpaka wa leo. Wenyeji waliokaa katika ardhi hiyo, ambayo ilikuwa ya babu zao, walimlipa kodi.

Amri ya kuondoka: 1812

Mwaka wa 1810 Buenos Aires iliondoa gavana mkuu wa mfalme wa Uhispania, na vita vya uhuru vikaanza. Wahispania walikuwa na nguvu katika Peru. Njia yao ya kushuka kwenda Buenos Aires ilikuwa ile ile ya zamani: Quebrada de Humahuaca.

Mwaka wa 1811 jeshi la wapigania uhuru lilishindwa vibaya kule Huaqui, karibu na ziwa Titicaca. Mabaki yake yakarudi nyuma. Mwanzoni mwa 1812 lilipewa mkubwa mpya, Manuel Belgrano, mwanasheria aliyekuwa jenerali juu ya mahitaji ya vita. Alikuta askari wagonjwa, bila mishahara, bila silaha za kutosha. Tarehe 25 mwezi wa tano alisimamisha mbele ya watu wa Jujuy bendera mpya ya buluu na nyeupe, ambayo ndiyo bendera ya Argentina mpaka leo, na padri Juan Ignacio Gorriti akaibariki. Serikali ya Buenos Aires haikufurahi, sababu ilikuwa bado haijatangaza uhuru.

Mwezi wa saba habari zilifika kwamba jeshi la mfalme, karibu watu 3,000 chini ya jenerali Pío Tristán, linashuka. Belgrano alijua hawezi kulizuia pale. Tarehe 29 mwezi wa saba alitoa amri: wakaaji wote waondoke pamoja na jeshi. Wakulima wavune wanachoweza, na kinachobaki kichomwe. Wafugaji waondoe wanyama. Wafanyabiashara wafunge bidhaa zao na kuzipeleka Tucumán. Adui asikute nyumba yenye chakula, wala mtu wa kumwelekeza.

Amri hiyo haikuwa ya kubembeleza. Aliyekataa angehesabiwa kuwa msaliti, na kwa makosa fulani adhabu ilikuwa kupigwa risasi. Matajiri wengine walilalamika, na wengine walikuwa upande wa mfalme. Lakini watu wengi wa kawaida, ambao hawakuwa na mengi ila nyumba ya udongo, shamba na wanyama wachache, walitii.

Waliondoka tarehe 23 mwezi wa nane. Walitembea zaidi ya kilometa 250 kwenda kusini, kwa miguu, kwa farasi, kwa mikokoteni, na askari wa nyuma wakiwalinda. Tarehe 3 mwezi wa tisa, kwenye mto Las Piedras, walinzi hao walirudisha nyuma askari wa adui waliokuwa wanawafuata. Watu wa Tucumán walipowaona, wakamwomba Belgrano asiendelee kurudi nyuma. Serikali ilikuwa imemwamuru aende mpaka Córdoba. Yeye akaasi amri ile, akabaki. Tarehe 24 na 25 mwezi wa tisa jeshi lake dogo lilishinda vita ya Tucumán. Tarehe 20 mwezi wa pili mwaka wa 1813 lilishinda tena kule Salta, na Tristán akajisalimisha. Wakaaji wa Jujuy wakaweza kurudi, lakini walirudi kwenye majivu.

Na haikuisha hapo. Mwisho wa 1813 Belgrano alishindwa mara mbili katika Bolivia ya leo, na majeshi ya mfalme yakashuka tena. Kwa miaka karibu kumi Jujuy ilivamiwa mara kwa mara. Waliolinda sehemu kubwa ya mipaka wakati huo hawakuwa askari wa kudumu. Walikuwa wachungaji na wakulima wenye farasi, wakiongozwa na Martín Miguel de Güemes wa Salta. Tarehe 27 mwezi wa nne mwaka wa 1821 watu wa Jujuy walishinda vita ya León, karibu na mji wao, siku ambayo bado inaitwa Siku Kuu ya Jujuy.

Shukrani iliyochelewa

Tarehe 25 mwezi wa tano mwaka wa 1813, Belgrano aliwapa watu wa Jujuy bendera nyeupe yenye nembo ya taifa iliyochorwa katikati, kama shukrani kwa walichofanya. Iko mpaka leo katika jumba la serikali ya jimbo, katika chumba kilichopewa jina lake, na wageni wanaweza kuitembelea. Mwaka wa 2015 bunge la Argentina liliitambua kwa sheria kuwa alama ya kihistoria ya taifa.

Kuko zawadi nyingine, na hadithi yake ni ndefu zaidi. Juu ya ushindi wa Salta, serikali ilimpa Belgrano peso 40,000. Yeye akakataa kuzitia mfukoni. Akaomba zijenge masomo manne ya watoto maskini: Tarija, Jujuy, Tucumán na Santiago del Estero. Akaandika hata kanuni za masomo hayo. Feza ile ikatumiwa kwa mambo mengine. Belgrano akafa mwaka wa 1820 akiwa maskini. Somo la Jujuy lilikuja kumalizika mwaka wa 2004, yaani zaidi ya miaka 190 nyuma ya ahadi.

Mwaka wa 1834 Jujuy ilijitenga na Salta, ikawa jimbo lenye serikali yake. Lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe viliendelea Argentina. Mwaka wa 1841 jenerali Juan Lavalle, aliyekuwa anapinga gavana wa Buenos Aires, Juan Manuel de Rosas, alipigwa risasi na kufa katika nyumba moja ya San Salvador de Jujuy. Wenzake walibeba maiti kukimbilia Bolivia, sababu waliogopa maadui watakata kichwa chake na kukionyesha. Joto likaanza kuiharibu. Walipofika Huacalera, ndani ya Quebrada, wakatoa nyama, wakaizika pale, wakaendelea na mifupa mpaka Potosí. Nyumba aliyofia ni jumba la makumbusho leo. Na Huacalera, jiwe kubwa linaonyesha mahali mstari wa Tropiki ya Kaprikoni unapopita.

Ardhi bila makaratasi

Uhuru ulibadilisha bendera, lakini haukubadilisha wenye ardhi. Kule Puna mashamba makubwa yalibaki mikononi mwa jamaa chache, na wenyeji waliendelea kulipa kwa kuchunga wanyama wao katika ardhi ambayo babu zao walichunga. Katika miaka ya 1870 wakasimama. Tarehe 4 mwezi wa kwanza mwaka wa 1875, kule Quera, jeshi la serikali liliwashinda na kuua wengi.

Mwaka wa 1946 wakajaribu njia nyingine. Watu wa Puna, zaidi ya 150, pamoja na wengine kutoka Salta, walitembea mpaka Buenos Aires kuomba makaratasi ya ardhi yao. Safari ilichukua karibu miezi mitatu, na karibu kilometa 2,000. Waliita msafara wao Malón de la Paz. Malón ni neno walilotumia wazungu kwa mashambulizi ya ghafla ya wenyeji. Hawa wakaongeza "ya amani". Walipoingia mji mkuu mwanzoni mwa mwezi wa nane, watu walijaa barabarani kuwashangilia, na rais Juan Domingo Perón akawapokea. Wakalazwa katika hoteli ya wahamiaji, ile ile iliyojengwa kwa kupokea watu kutoka Ulaya. Wiki chache nyuma yake, mwisho wa mwezi ule, polisi wakaingia, wakawatoa kwa nguvu, wakawapakia ndani ya treni na kuwarudisha kwao.

Mwaka wa 1949 serikali ilitoa amri ya kuchukua mashamba makubwa ya Puna kutoka kwa wenyewe. Lakini kutoka amri ile mpaka karatasi kufika mkononi mwa kijiji, miaka mingi ilipita, na vijiji vingine vinangoja mpaka leo. Katiba ya Argentina, ilipogeuzwa mwaka wa 1994, ilitambua kwamba makabila ya wenyeji yalikuwepo mbele ya taifa lenyewe, na kwamba yana haki ya ardhi ya jamii na ya kushiriki katika mambo ya mali ya asili. Katiba hiyo hiyo inasema pia kwamba mali ya asili ni ya majimbo. Hapo ndipo mgogoro wa leo unapoanzia.

Chumvi na lithiamu

Ukitoka Purmamarca kwenda magharibi, barabara namba 52 inapanda kwa kona nyingi, inapita meta 4,170, kisha inashuka kwenye Salinas Grandes. Ni uwanda mweupe wa chumvi, mkubwa, tambarare, kwenye meta karibu 3,450. Wenyeji wanakata chumvi humo tangu zamani, na leo wanaongoza pia wageni na kuwauzia vitu vya mkono.

Chini ya chumvi za namna hii kuko maji mazito yenye lithiamu. Jujuy, pamoja na jimbo la Salta, jimbo la Catamarca, kusini-magharibi ya Bolivia na kaskazini ya Chile, inafanya eneo linaloitwa Pembetatu ya Lithiamu. Kazi inafanywa hivi: maji yale yanavutwa kwa pampu mpaka kwenye mabwawa makubwa, jua na upepo vinayakausha kwa miezi mingi, mara nyingi zaidi ya mwaka, kisha kinachobaki kinasafishwa kiwandani. Kwa msomaji anayejua habari za Manono, katika jimbo la Tanganyika, tofauti ni hii: Manono lithiamu iko ndani ya mawe magumu yanayochimbwa na kusagwa, kumbe Jujuy iko ndani ya maji.

Ndiyo maana mabishano ya Jujuy ni mabishano ya maji. Puna ni kavu sana, mvua ni kidogo. Wachungaji wanauliza: maji ya chumvi yakivutwa kwa wingi, na maji matamu yakitumiwa kiwandani, visima na malisho vitabaki namna gani? Makampuni na serikali ya jimbo wanajibu kwamba wanapima na kulinda, na kwamba kazi hiyo inaleta mishahara mahali ambapo vijana walikuwa wanakimbilia mijini.

Vijiji havina sauti moja. Upande wa Susques, karibu na chumvi za Olaroz na Cauchari, jamii kadhaa zilikubali. Mgodi wa Olaroz ulianza kutoa lithiamu katikati ya miaka ya 2010, na Cauchari-Olaroz mwaka wa 2023. Vijana wengi wa pale wanafanya kazi humo. Kampuni ya serikali ya jimbo, JEMSE, ina sehemu ya asilimia 8.5 katika miradi hii miwili; asilimia nyingine ni za makampuni ya kigeni. Upande wa Salinas Grandes na ziwa Guayatayoc, jamii 33 ziliungana kudai ziulizwe mbele ya kazi yoyote kuanza. Mwaka wa 2015 zilitoa maandishi yaitwayo Kachi Yupi, maana yake "nyayo za chumvi" kwa Kiquechua. Humo walieleza hatua kwa hatua namna kijiji kinavyopaswa kuulizwa: nani anaitwa, kwa lugha gani, kwa muda gani, na nani anajibu kwa jina la wote. Mwanzoni mwa 2019 walifunga barabara mpaka kampuni iliyokuwa inatafuta lithiamu kwao ikasimamisha kazi.

Mwaka wa 2023 na barabara zilizofungwa

Mwezi wa sita mwaka wa 2023, gavana Gerardo Morales alipitisha haraka katiba mpya ya jimbo. Walimu walikuwa tayari barabarani juu ya mishahara. Jamii za wenyeji zikajiunga nao, juu ya mambo mawili: maneno ya katiba kuhusu ardhi, na kifungu kilichokataza kufunga barabara. Gavana aliondoa vifungu viwili vya ardhi, lakini watu wakasema hawakuulizwa tangu mwanzo. Polisi walipambana na waandamanaji Purmamarca na katika mji mkuu. Watu wengi walikamatwa, wengi wakaumia, na kuko waliopoteza jicho kwa risasi za mpira. Tume ya Haki za Binadamu ya mabara ya Amerika ilitoa onyo.

Mwisho wa mwezi wa saba msafara uliondoka tena kwenda Buenos Aires. Uliitwa Malón de la Paz wa tatu. Wa pili ulikuwa wa mwaka wa 2006. Uliingia mji mkuu tarehe 1 mwezi wa nane, siku ya Pachamama, na watu wake wakapiga kambi miezi mingi mbele ya Mahakama Kuu. Ombi lao, kwa sehemu kubwa, lilikuwa lile la 1946.

Jujuy ya leo

Maisha yanaendelea. Wageni wanafika Purmamarca, Tilcara na Humahuaca, ambako mnara mkubwa wa mashujaa wa uhuru, kazi ya mchongaji Ernesto Soto Avendaño, unasimama juu ya mji tangu mwaka wa 1950. Kutoka Humahuaca magari yanapanda mpaka Hornocal, penye milima ya mistari ya rangi inayoonekana kutoka meta 4,350. Casabindo, tarehe 15 mwezi wa nane, vijana wanacheza na fahali mbele ya kanisa kwa heshima ya Bikira Maria. Fahali hauawi, anayecheza anajaribu tu kunyakua utepe wenye sarafu za fedha uliofungwa penye pembe. Na tangu 2024 treni ndogo ya umeme, inayotumia nguvu ya jua na batri za lithiamu, inatembea kati ya Volcán na Tilcara, mahali ambapo treni ya zamani ilikufa katika miaka ya 1990.

Kila mwaka, usiku wa tarehe 22 kuamkia 23 mwezi wa nane, maelfu ya watu wanakusanyika San Salvador, wengine wamepanda farasi, wengine wamevaa nguo za zamani. Wanachoma vibanda vya nyasi vilivyojengwa makusudi kando ya mto, na kutoka katika mji kama babu zao. Kwa sheria ya mwaka wa 2002, siku hiyo Jujuy inahesabiwa kuwa mji mkuu wa heshima wa taifa zima. Kesho yake mji mkuu unarudi Buenos Aires, na vijiji vya Puna vinarudia kufuata makaratasi yao ya ardhi katika ofisi za serikali na mahakamani.